Shoti ipi?

Bodi ya laptopu imelala mezani, Darajani, Unguja, imeshatolewa kwenye gamba lake. Imevuka bahari kutoka Pemba ndani ya mfuko wa plastiki, na juu ya feni yake mtu amebandika utepe wa karatasi, akaandika kwa kalamu nene: SHOTI. BODI IMEKUFA.

Ncha nyeusi ya multimita, kipimo cha umeme cha mkononi, inawekwa kwenye tundu la skrubu. Nyekundu inagusa koili, waya uliosokotwa unaopitisha umeme, ubavuni mwa prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Multimita inalia. Kioo kinaandika 1.8.

Aliyeandika utepe aliishia hapo.

Bodi ile haikuwa na shoti yoyote, yaani hapakuwa na mahali umeme umepata njia ya mkato.

Wiki kadhaa sasa utepe ule haunitoki kichwani. Aliyeuandika si mzembe; alipima, akasikia mlio, akaandika alichokisikia. Kinachonisumbua ni neno lenyewe. "Shoti" tunalibebesha mambo mengi mno, na mojawapo ni bodi nzima kabisa ambayo prosesa yake inapimika kama inavyotakiwa ipimike. Kompyuta ngapi za skuli, na ngapi za watoto wanaoandika ripoti zao za chuo, zimemalizikia kwenye lundo la skrepa kwa mlio ule?

Mlio unasema nini hasa

Upande wa mlio kwenye multimita upo kwa ajili ya kutafuta waya uliokatika. Multimita nyingi hulia ukinzani ukiwa chini ya omu 30 au 50 hivi, kutegemea aina. Kwa waya wa taa inatosha. Kwenye bodi ya laptopu haitoshi hata kidogo, maana mlio ni uleule kwa omu 20 na kwa omu sifuri.

Ichukue laini ya prosesa, yaani njia inayoipelekea umeme. Inapewa takriban volti 1, lakini kazi ikiwa nzito prosesa huvuta ampea 30 na zaidi. Gawanya volti kwa ampea: wakati huo prosesa ni sawa na ukinzani wa sehemu moja ya thelathini ya omu. Kitu chenye kiu ya namna hiyo hakitakuonesha maelfu ya omu hata kikiwa kimelala. Omu 2, omu 5, omu 10 kwenye koili za prosesa ni afya. Prosesa kubwa, na chipu za michoro zenye nguvu, hushuka hata chini ya omu 1 na bado ni nzima.

Laini ya RAM, ya volti 1.2 au 1.35, kwa kawaida husoma makumi hadi mamia ya omu. Laini za volti 3.3 na volti 5 husoma maelfu. Laini kuu, ile inayobeba volti 19 kutoka mlango wa chaja na ambayo michoro ya saketi huiita B+, VIN au DCBATOUT kutegemea kiwanda, inatakiwa isome makumi au mamia ya kilo-omu.

Kwenye laini kuu, omu 1.8 ni msiba.

Kwenye koili ya prosesa, sentimita chache tu pembeni, omu 1.8 ni habari njema.

Kwa hiyo badilisha upande: toka kwenye mlio, nenda kwenye omu, kipimo cha chini kabisa, kisha gusanisha ncha zenyewe kwa zenyewe. Nyaya za multimita peke yake huweza kusoma 0.2 au 0.3, hiyo uitoe kwenye kila jibu. Kinachobaki kikiwa karibu na sifuri, hapo ndipo lina maana neno shoti. Ipo na dalili nyingine ndogo: geuza ncha, nyekundu ikae graundi, upande wa hasi wa bodi, kama lile tundu la skrubu. Kapasita, kijidude cha kuhifadhi chaji, ikipasuka husoma namba ileile pande zote mbili. Silikoni, yaani chipu kama prosesa, mara nyingi hubadilisha jibu. Siifanyi ushahidi kamili, ila nikiiona nasita kabla ya kusema bodi imekufa.

Dakika kumi kabla ya umeme

Chomoa betri kwanza. Kuzima hakutoshi, plagi ya betri itoke kwenye bodi. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kapasita zimwage zilichobakiza, maana kapasita yenye chaji hukupa omu za uongo.

Kisha fuata njia ya umeme kituo kwa kituo: tundu la chaja, fyuzi, mosfeti ya kwanza (swichi inayoendeshwa kwa umeme), mosfeti ya pili, rezista ya kupimia mkondo, laini kuu. Rezista ile ni ya miliomu 10 au 20, kwa hiyo multimita ya kawaida huiona kama kipande cha waya, na ndivyo iwe. Ikisoma kilo-omu, imekatika, na kila kilicho mbele yake kitakaa na njaa. Pima kwenda graundi kila kituo, halafu kila koili. Andika kwenye karatasi pamoja na jina la koili lilivyochapwa juu ya bodi. Kichwa husahau, karatasi utailinganisha na bodi nyingine ya aina hiyo mwakani.

Mosfeti mbili za mlangoni zimegeuziana migongo makusudi, ili umeme wa betri usirudi kwenye tundu la chaja. Ndiyo maana shoti iliyo kabla yake na shoti iliyo baada yake ni maradhi mawili tofauti. Ya kabla humwacha mwenye laptopu akiendelea kwa betri, huku taa ya chaja ikizimika kila anapochomeka. Ya baada huua kila kitu, chaja na betri kwa pamoja. Swali moja kwa mwenye mashine, "kwa betri ilikuwa inawaka?", linakupunguzia nusu ya bodi kabla hujashika bisibisi.

Mwenye bodi ya Pemba alilijibu swali hilo bila kuulizwa. Kwenye ujumbe wake alisema: mwanzo iliacha kuchaji, ikawaka mpaka betri ikaisha, tangu siku hiyo kimya.

Hakuna aliyeusoma ujumbe huo kama kipimo.

Saplai ya mezani inavyosema

Omu zikikaa sawa, ndipo uwashe saplai, chanzo cha umeme unachokipangia volti na kikomo cha ampea: volti 19, kikomo ampea 1. Kikomo hicho ndicho kinachookoa bodi siku unapokosea.

Saplai ikiporomoka hadi volti moja au mbili huku ampea zikigonga kikomo, kuna shoti na karatasi yako ilipaswa kuiona. Ikisimama kwenye ampea 0.01 hadi 0.03, huo ni usingizi wa kawaida: laini za volti 3.3 na 5 za kudumu pengine zipo, na bodi inasubiri kitufe. Ukibonyeza ikapanda hadi 0.3 au 0.5 kisha ikaanguka na kurudia, kuna laini moja inayozimwa na ulinzi wake. Pima koili moja moja huku ukibonyeza, utaikuta inayochomoza na kuzama. Ikipanda na kung'ang'ania namba moja bila kucheza, anza kuwaza biosi, chipu ile ya miguu minane yenye maagizo ya kuwashia, au RAM. Ikipanda na kushuka ovyo ovyo, 0.4, 0.9, 0.6, mashine inafanya kazi. Kama huoni picha, tatizo lako huenda liko kwenye skrini.

Namba hizi hubadilika kati ya aina na aina. Mwendo wake ndio wa kuangalia zaidi.

Kwa laptopu zinazochaji kwa USB-C kuna hatua ya ziada. Chaja huanza na volti 5 na haipandi hadi 20 mpaka chipu ya mlangoni iiombe kwa mazungumzo. Kijipimo kidogo cha USB cha kuchomeka katikati kikibaki kwenye volti 5, usikimbilie laini kuu. Angalia uchafu ndani ya tundu, lehemu za pini zake, kisha chipu yenyewe na volti 3.3 inayoilisha.

Bodi ya Pemba ilisema 0.00. Haikufika hata 0.01.

Shoti haisomi hivyo. Shoti hula umeme. Bodi hii haikula hata tone.

Volti ya kuingiza, na hofu yangu

Tuseme lakini kweli laini kuu imesoma 0.1. Mara nyingi mkosaji ni kapasita ya kauri. Ndani yake ni matabaka membamba ya chuma na kauri, yamepangwa kama chapati za ajemi. Bodi ikipindwa kidogo, kwa mfano laptopu ikinyanyuliwa kwa kona moja ikiwa wazi, kauri hupasuka, unyevu huingia kwenye ufa, na matabaka hugusana. Kapasita hizo zinaweza kuwa hamsini kwenye laini moja, na kwa macho zote ni nzima.

Njia iliyozoeleka ni kuingiza umeme wa saplai moja kwa moja kwenye laini yenye shoti, kisha kutafuta kinachopata moto. Volti 1, kikomo ampea 3, nyaya nene na fupi. Hesabu yake ni nyepesi: ampea 3 mara ampea 3 mara omu 0.1 ni wati 0.9, na wati 0.9 kwenye kapasita ya ukubwa wa punje ya mchele huonekana mara moja. Shoti ikiwa omu 0.02 unapata wati 0.18 tu, huoni kitu. Hapo ndipo unapanda hadi ampea 5, upate nusu wati. Kamera ya joto inarahisisha. Asiyekuwa nayo apake alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 juu ya eneo lote na aangalie inakokauka kwanza.

Volti ya kuingiza isizidi hata siku moja volti ya kawaida ya laini hiyo. Hilo wengi wanalijua.

Ambalo halisemwi vya kutosha ni hili. Kati ya laini kuu na koili ya prosesa kuna mosfeti ya juu, lango linalokata volti 19 vipande vipande hadi iwe volti 1. Lango hilo likiungua likabaki wazi, laini kuu na prosesa ni kitu kimoja. Multimita itasoma laini kuu kuwa omu 1.8 au 2, nawe utadhani ni kapasita inayovuja. Kumbe unaisoma prosesa kutokea mlango wa mbele.

Ukiingiza volti 5 hapo, umeitia prosesa volti 5.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote, ncha moja laini kuu, nyingine kwenye koili. Fanya hivyo kwa kila koili. Jibu liwe juu, maelfu ya omu au zaidi. Likiwa chini ya omu moja mahali popote, lango hilo limekufa: litoe kwa blowa ya hewa moto kwanza, kisha pima upya pande zote mbili. Dakika tatu. Zimekuwa zikirukwa kwa sababu video fupi za mtandaoni huonesha moshi ukitoka kwenye kapasita moja na mashine ikiwaka, na kuruka huko huonekana ndio ufundi. Nimekaa nikijiuliza kama kuifundisha njia hii kunaokoa bodi nyingi kuliko zinazouawa nayo. Bado naona inafaa kufundishwa, ila kipimo hiki kitangulie, na anayekiruka aambiwe bila kuoneana haya kwamba anacheza na prosesa ya mwenzake.

Kwenye bodi ya Pemba laini kuu ilisoma kilo-omu 220, na kati yake na koili zote hapakuwa na njia.

Mshitakiwa wa kila siku

Unguja ilikaa gizani miezi mitatu hivi, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu wakati huo umeme ndio mshitakiwa wa kila kifaa kinachozima. "Ulirudi kwa nguvu." Kwa friji na kwa feni sibishi. Kwa laptopu, mlolongo ni mrefu zaidi: chaja inapokea volti 100 hadi 240, na kati ya upande wa ukutani na upande wa bodi kuna transfoma inayotenganisha. Umeme mkali kwa kawaida humalizia hasira zake ndani ya chaja, kwenye fyuzi, daraja la daiodi na mosfeti yake. Chaja ikiwa bado inatoa volti 19 safi, tafuta sababu nyingine ya kufa kwa bodi kabla ya kumshitaki jirani huyu.

Na visiwani sababu nyingine iko wazi, inavuma mlangoni.

Chumvi

Hewa yetu ina chumvi, na feni ya laptopu ni pampu ya kuvuta hewa. Vumbi hubaki kwenye bodi, chumvi ikakaa ndani ya vumbi, na chumvi hufyonza maji kutoka hewani. Wakati wa masika utando huo haukauki. Panapokuwa na volti, chuma huyeyuka upande mmoja na kuhamia upande wa pili, na betri ikiwa imechomekwa volti zipo hata mashine ikiwa imezimwa. Ile kutu ya kijani huanzia mara nyingi kwenye laini zisizolala: mlango wa chaja, plagi ya betri, laini ya 3.3 ya kudumu.

Wanaoumia kwanza ni wadogo wenye namba kubwa. Rezista ya kilo-omu mia kadhaa ni ndogo kuliko chawa, na utando wake wa ndani ni mwembamba mno; kutu ikiingia pembeni, namba hupanda. Au kinyume chake: utando wa chumvi juu ya bodi unakuwa wenyewe rezista, ukipitisha umeme kando, na namba hushuka. Ndiyo maana bodi nyingine hupona kwa kuoshwa tu.

Kuosha nako kuna utaratibu wake. Alkoholi haiyeyushi chumvi inavyopaswa. Huondoa mafuta na fluksi, ile dawa ya kulehemia. Chumvi huyeyushwa na maji. Bodi iliyopata maji ya bahari hupigwa mswaki laini kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri za gari, siyo asidi yake, betri zote zikiwa zimetolewa pamoja na ile ya kidonge. Baada ya hapo ndipo alkoholi, kuyafukuza maji, kisha ikauke kwa joto la wastani kwa saa kadhaa. Vifuniko vya chuma vinyanyuliwe. Kuifukia kwenye mchele hakutoi hata chembe moja ya chumvi. Kunaipa chumvi muda tu.

430 iliyokuwa 680

Turudi kwenye 0.00.

Volti 19 ilikuwepo kwenye fyuzi, pande zote mbili. Ilikuwepo kwenye mosfeti ya kwanza. Baada ya hapo, sifuri. Lango limefungwa, na lango hufunguliwa na aisi ya chaja, chipu inayosimamia kuchaji. Hapa ilikuwa BQ24735, ambayo ina jamaa zake kwenye bodi nyingi. Aisi hiyo hainyanyui geti, mguu wa mosfeti unaolifungua lango, mpaka iamini kuwa chaja ipo. Ikiamini, hulisukuma geti volti 6 juu ya sosi yake, mguu unaofikia ile 19 lango likifunguka, yaani utaisoma 25 hivi. Hapa geti halikuwa na kitu.

Kuamini kwake ni mguu mmoja, ACDET. Lazima uwe juu ya volti 2.4. Unapata volti hiyo kutoka rezista mbili zinazogawana ile 19: kwenye bodi hii kilo-omu 430 juu, 66.5 chini. Hesabu inatoa volti 2.54. Multimita ilisoma 1.7.

Rezista ya juu ilipimwa ikiwa palepale kwenye bodi: 680.

Hapa kuna jambo la kushikilia. Rezista ikipimwa ndani ya saketi inaweza kusoma chini ya namba yake, kwa sababu vitu vingine viko sambamba nayo. Haiwezi kusoma juu, kapasita zikiwa hazina chaji. Ikisoma juu, imekufa, huna haja ya kuinyanyua ili uhakikishe. Chini ya darubini ukingo wake mmoja ulikuwa na ukijani mwembamba, wa kuonekana tu taa ikilazwa.

Ikachukuliwa 430 kutoka bodi ya skrepa yenye aisi ileile. Padi, vibati vinavyoshika rezista, zilikwanguliwa mpaka shaba ikang'aa, zikapakwa lehemu mpya, rezista ikakaa. ACDET 2.5. Geti 25. Saplai 0.02.

Kitufe. 0.3, 0.7, 0.5, 1.0, ikagonga kikomo, kikomo kikapandishwa hadi ampea 3, feni ikazunguka.

Eneo lote la mlango wa chaja likaoshwa kwa maji yaliyokenekwa na kisha alkoholi, na rezista nyingine za jirani zikapimwa moja moja, kwa sababu chumvi haichagui mmoja ikawaacha wenzake. Ile 66.5 ilisoma 66. Nyingine mbili, zilizoanza kuwa na ukijani, zilibadilishwa ingawa namba zao zilikuwa bado ndani ya kiwango.

Utepe wa zamani ulitolewa kwenye feni. Uliobandikwa mahali pake, ndani ya gamba, unasomeka hivi: koili za prosesa 1.8, nzima, laini kuu 220k, ACDET 2.5, R ya juu 430 imebadilishwa, kutu, ifunguliwe na kusafishwa kabla ya masika.